Kurudi kwa Bwana Pua

Nianze kwa kusema kwamba mimi ni kipofu, tusije tukapotezeana muda. Si "mwenzetu mwenye changamoto ya macho", wala si "dada yetu yule maskini". Sioni, sijawahi kuona, na siku nzima inaweza kupita bila jambo hilo kunijia akilini, mpaka atokee msamaria mmoja anikamate mkono na kunivusha barabara ambayo sikutaka kuivuka. Nafundisha kompyuta katika shule ya bweni ya wanafunzi wasioona, na kompyuta zenyewe nazitengeneza kwa mikono yangu. Wageni wakiambiwa hivyo husema, "Mungu ni mkubwa." Ni mkubwa kweli, lakini bisibisi alinishikisha baba yangu.

Chumba chetu cha kompyuta kiko mwisho wa korido, karibu na stoo ya magodoro. Meza zimepangwa kufuata kuta, na za upande wa madirisha hupata moto kabla ya mapumziko ya asubuhi, kwa hiyo feni za kompyuta za upande huo ndizo zenye kelele zaidi. Kompyuta zote tulizirithi kutoka ofisi moja ya bima iliyokuwa inanunua mpya. Zilikuja na vumbi lao na makombo ya biskuti ndani ya kibodi. Nikazifungua moja moja, nikazipuliza, nikazifunga. Wazee, lakini wazee wa kazi.

Niliziwekea mfumo endeshi wa zamani, wa rika lao, na juu yake programu inayosoma kwa sauti kila kilichomo kwenye kompyuta. Sauti yenyewe ni ya mwanamume anayesemea puani, kama mtu mwenye mafua yasiyopona. Wanafunzi walimpa jina siku ileile ya kwanza: Bwana Pua. Hana uzuri wowote, lakini ana mbio. Ukigusa herufi anaitaja kabla kidole hakijanyanyuka. Ukikosea unajua papo hapo. Kwa mtu asiyeona, Bwana Pua ndiye kalamu na ndiye karatasi.

Basi, likizo moja nikiwa sipo, wakaja wageni wema wakatufanyia hisani. Walituondolea mfumo wa zamani na kutuwekea mpya kabisa. Walifanya kwa moyo mweupe na sitawasema vibaya, zaidi ya hapa ninapowasema. Mfumo mpya si mbaya, kwa kompyuta ya umri wake. Kuuweka kwenye kompyuta zetu ni sawa na kumbebesha bibi yangu gunia la saruji akapande nalo ngazi. Bwana Pua akawa hoi. Ulikuwa ukiandika "mama", kimya. Unadhani hukubonyeza, unaandika tena, kimya. Halafu anakutapikia yote kwa mpigo: m, a, m, a, m, a, m, a. Kufikia hapo umeshasahau ulikuwa unamwandikia mama wa nani.

Tulikuwa tukivumilia hivyohivyo ilipokuja habari njema kuliko zote nilizowahi kuzisikia katika kazi hii. Idara ya mitihani ilisema wanafunzi wasioona wanaweza kuchapa majibu yao wenyewe kwenye mtihani wa mwisho. Sharti ni moja tu, mkaguzi afike shuleni, avipime vifaa na aridhike. Asiporidhika, mambo yatabaki kama zamani.

Ya zamani nayajua. Wasahihishaji wanaosoma nukta nundu hawatoshi, kwa hiyo mtahiniwa asiyeona hupewa mwandishi. Wewe unasema, yeye anaandika. Mimi nilipewa bwana mmoja mpole sana, mwenye kukohoa kwa adabu. Kwenye insha nilisimulia jinsi baba yangu alivyomwambia daktari aache upuuzi, kwamba mtoto asiyeona si mtoto mgonjwa. Nilipomwomba bwana yule anisomee alichoandika, akasoma: "Baba alimshukuru daktari kwa ushauri wake mzuri." Nikamwuliza hayo yametoka wapi. Akasema nisijali, ameinyoosha kidogo ili wasahihishaji waipende. Waliipenda. Nilipata alama nzuri sana za insha ambayo sikuiandika, na mpaka leo nikikumbuka nasikia hasira.

Sasa mwaka huu, miongoni mwa watahiniwa wangu, yumo binti wa kaka yangu. Jina lake la shuleni ni Mkasi, na ni ulimi wake uliompatia jina hilo, si ushonaji. Mtoto huyu anasema kitu kama kilivyo, na akikisema kinabaki kimekatika. Insha zake nikizisoma kwa vidole hucheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilijua mwandishi atakayepewa, hata awe malaika, atamnyoosha. Atamtoa makali yote, na atafikiri amemsaidia. Hilo nilikataa. Nilikataa kwa ajili ya wote, lakini nisiwe mnafiki, nilikataa zaidi kwa ajili yake.

Nikaenda kwa Mwalimu Mkuu kumwambia kwamba nafuta mfumo mpya na kurudisha wa zamani.

"Mwalimu," akasema, na kiti chake kikalia, "dunia nzima inakwenda mbele, wewe unataka kurudi nyuma? Mkaguzi atatuonaje?"

"Narudi kuchukua mzigo tuliouangusha njiani," nikamwambia. "Nikishauchukua nitakwenda mbele na wenzangu."

"Na usalama wa mtandao? Nasikia mifumo ya zamani inaingiliwa na virusi."

"Chumba kile hakina mtandao, Mwalimu Mkuu. Virusi watapitia mlangoni kwa miguu?"

Akacheka, akaniachia. Ni mtu mzuri yule, mwenye macho mawili mazima, ila chumba cha kompyuta hukiogopa. Tangu alipojikwaa kwenye waya mbele ya wanafunzi akaangukia meza, huishia mlangoni, akauliza "Mnaendeleaje?", akajibiwa, akaondoka.

Nyumbani nako mume wangu, ambaye ni fundi redio, akajitolea. "Nije nikusomee skrini? Kazi itakwenda haraka."

"Kaa na redio zako."

"Mke wangu, ni kusoma tu. Sitagusa kitu."

"Umewahi kukaa karibu na kitu kilichofunguliwa usikiguse?"

Ukweli ni kwamba sikutaka macho ya mtu yeyote mle ndani. Nilitaka kazi ile ifanywe na sisi, mwanzo hadi mwisho, asije mtu baadaye akasema alitushika mkono.

Wanaotaka kujua kipofu anawekaje mfumo wa kompyuta, nawaeleza. Mifumo ya siku hizi huweza kuongea tangu mwanzo. Wa zamani hausemi neno mpaka umalize kuuweka, na maelekezo yote yako kwenye skrini. Sisi tunasikiliza mashine. Sidii yenye mfumo ikianza kusomwa inavuma, ikimaliza inashusha pumzi, na hapo unabonyeza Enta. Inavuma tena, inatulia, unabonyeza kitufe cha efu nane kukubali masharti ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyasoma, mwenye macho na asiye nayo. Kisha diski kuu iliyo ndani inaanza kukwaruza, ujue inasafishwa. Kiganja kimoja unakiweka juu ya boksi la kompyuta, maana kuna mambo hayasikiki, yanatetema tu.

Pana mahali pamoja pa hatari. Katikati ya kazi kompyuta hujizima na kujiwasha yenyewe, ikatoa mlio mmoja mfupi. Kwa kitambo kidogo hapo inakutega. Ukigusa kitufe chochote inarudi mwanzo kabisa, na kazi yote imekwenda na maji. Watu wanaoona hukosea hapo kila siku, kwa sababu skrini huwaambia wabonyeze kitufe, nao ni watiifu. Sisi tulijifunza kuinua mikono juu, kama watu waliovamiwa na majambazi, mpaka sidii ianze kuvuma na ikate yenyewe. Ikiendelea kuvuma, umeumia.

Mkasi alikuwa wa kwanza kuyashika haya yote. Kompyuta ya kwanza niliiweka mimi, yeye akiwa ameegemeza sikio kwenye boksi. Ya pili tuliiweka pamoja. Ya tatu aliniambia, "Mwalimu, kaa pale unywe chai." Namba ndefu ya kibali, ile inayoulizwa katikati, aliitungia wimbo, na kabla wiki haijaisha bweni zima la wasichana lilikuwa likiuimba wakati wa kufua.

Kilichonisumbua ni nyaya za umeme. Kompyuta kadhaa nyaya zake zilikuwa zimetafunwa na panya wa stoo, na nilipoomba nyingine niliambiwa nisubiri. Nikapapasa nyuma ya meza. Nikakuta kila skrini ina waya wake mzima, wa aina ileile kabisa, umechomekwa na unakula umeme bure. Nikazichomoa nyaya hizo zote, nikazipa kompyuta zenye shida, na zilizobaki nikampa mtunza stoo aziweke akiba. Alikuwa anakwenda likizo, akazifungia kabatini na ufunguo akaondoka nao. Nilijisifu jioni nzima kwa akili ile, na mume wangu akanivumilia.

Siku tulipomaliza ya mwisho, tuliziwasha zote kwa pamoja bila hedifoni. Chumba kizima kikajaa akina Bwana Pua, wanakaribisha watu kwa mafua, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Wanafunzi walipiga meza kwa furaha. Mkasi akaandika jina lake, akalisikia likitajwa herufi kwa herufi bila kukwama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shangazi, amerudi." Shuleni sitaki aniite Shangazi, lakini siku ile nilimwachia.

Mkaguzi alifika asubuhi, saa za vipindi vya mwanzo. Viatu vyake vilikuwa na soli ngumu na alikuwa na sauti ya taratibu, ya mtu asiyezoea kubishana kwa sababu hajawahi kulazimika. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza kazi nimeianza lini, hakunishika mkono. Nikampenda kidogo.

Wanafunzi walikuwa wameshakaa, hedifoni masikioni, wanachapa. Nilikuwa nimewaambia waandike chochote wanachotaka, ili mkaguzi aone kasi yao. Mvua ya vidole, na feni zikivuma. Mimi nikasimama pembeni na kifua mbele nikisubiri sifa.

"Wanaanza lini?" mkaguzi akauliza.

"Wameshaanza, mheshimiwa."

Viatu vikatembea upande wa kushoto, vikasimama, vikatembea upande wa kulia.

"Mwalimu, hizi kompyuta hazijawashwa."

Nikadhani ananitania. "Zimewashwa zote."

Mwalimu Mkuu, ambaye kwa ajili ya mgeni alikuwa ameingia mpaka ndani, akanisogelea sikioni. "Mwalimu," akanong'ona, na pumzi yake ilikuwa ya mtu anayezama, "skrini zote ni nyeusi."

"Ndiyo. Hazina waya."

"Kwa nini hazina waya?"

"Za nini?" nikamjibu, na neno halijanitoka vizuri nikaelewa.

Maisha yangu yote watu wamesahau kwamba sioni. Wamenielekeza kwa kidole, wameniandikia ujumbe ubaoni, wamenipa menyu. Siku ile ilikuwa zamu yangu. Tulikuwa tumekaa mle ndani sisi kwa sisi, tumefanya kazi barabara kutoka ukuta huu mpaka ule, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba duniani kuna watu wanaoona na wanapenda kutazama.

Nikafungua mdomo nieleze. Nilichelewa. Mkaguzi, kwa wema wake wote, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mkasi. "Hebu tuiwashe hii kwanza," akasema, akanyoosha mkono, akabonyeza swichi. Akaona giza bado liko palepale. Akaikandamiza.

Feni ya kompyuta ile ikashuka, ikashuka, ikanyamaza. Mkasi akavua hedifoni.

"Nani kamuua Bwana Pua?"

Darasa zima likaacha kuchapa. Nikafika pale mezani, nikaiwasha upya. Feni ikaamka, diski ikakwaruza mara moja, ikakwama, kimya. Nikarudia. Vilevile. Diski ya zamani ukiikata umeme ghafla wakati inaandika, inaweza kuharibikiwa na mfumo wake usiamke tena. Nikamweleza mkaguzi kilichotokea, kwamba alizima kitu kilichokuwa kimewaka, na kwamba sisi hatutumii skrini. Nilimweleza kwa adabu, ingawa adabu yenyewe niliitoa mbali.

Alishtuka. Aliomba radhi, na aliiomba kwa Mkasi, si kwangu. Kisha akavuta pumzi, na sauti yake ikarudi ile ya ofisini.

"Hata hivyo, Mwalimu, limenifungua macho jambo hili. Siku ya mtihani mwalimu wa somo haruhusiwi kuwa chumbani. Na umeme hukatika. Kompyuta ikilala hivi, nani ataiamsha?"

"Mimi..."

"Wewe utakuwa nje. Ndiyo utaratibu. Na msimamizi hatajua chochote." Nikasikia akifunga mkoba wake. "Nasikitika, lakini mtoto akipoteza muda wake wa mtihani kwa sababu ya mashine, lawama ni yangu. Kwa hali hii siwezi kusaini. Bora waendelee na waandishi, angalau mwaka huu."

Moyo ukanishuka mpaka kwenye soksi. Mwalimu Mkuu akaanza kusema maneno mengi yasiyo na kichwa. Mkasi akamkata.

"Nitaiamsha mimi."

"Wewe?" mkaguzi akasema.

"Kwani mtihani ni wa nani?"

Nilitaka kumkanyaga mguu. Lakini mkaguzi hakukasirika. Akasema haya, tufanye kama siku yenyewe: wengine waendelee kuchapa, yeye awe ndiye msimamizi, na mwalimu atoke nje. Mwalimu Mkuu akatoka pamoja nami, sijui kwa kunifariji au kwa kukimbia zile nyaya. Mlango ukafungwa.

Ule mlango una kidirisha cha kioo. Mwalimu Mkuu akakiwahi, akaanza kunitangazia kama mchezo wa mpira.

"Ameinama. Ameweka ile sidii. Sasa... sasa amekaa tu. Mwalimu, hafanyi kitu. Amekaa."

"Anasikiliza sidii."

"Ameweka mkono juu ya boksi. Bado amekaa. Mbona amekaa?"

Nilikuwa nimebandika sikio kwenye mbao za mlango. Nyuma ya vidole vya wenzake, nyuma ya feni, nikaisikia sidii ikivuma kwa mbali, ikashusha pumzi. "Sasa atabonyeza," nikasema.

"Amebonyeza! Umejuaje?"

Nikaendelea kusikiliza. Ikavuma, ikatulia, akabonyeza. Diski ikaanza kukwaruza. Tulisimama pale korido muda mrefu. Kengele ikalia, madarasa mengine yakatoka, wanafunzi wakapita na fimbo zao nyeupe, tk, tk, tk, nami nikawanong'oneza wapite polepole wasinifunike sauti. Mwalimu Mkuu akaniletea kiti, nikakikataa. Akakikalia yeye, kisha akasimama tena.

"Mkaguzi anasogea. Anasema kitu."

Nikasikia sauti ya taratibu ikiuliza jambo, na mara ile sauti nyingine, kali na safi, ikapita kwenye mbao kama hazipo: "Samahani, naomba usiniongeleshe. Nasikiliza."

"Mungu wangu," Mwalimu Mkuu akasema. "Amemnyamazisha mkaguzi."

"Amenyamaza?"

"Amenyamaza. Amerudi kukaa."

Kisha ukaja ule mlio mmoja mfupi. Nikazuia pumzi, na mikono yangu yenyewe, pale korido, mbele za watu, ikainuka juu. Ndani, kijana mmoja wa meza ya dirishani ambaye siku zote ana haraka akapiga kelele, "Mkasi, bonyeza!" Sidii ikaanza kuvuma. Ikavuma. Nilitamani kuuvunja mlango ule. Ningeweza kusema neno moja tu na lingefika, lakini neno langu ndilo lingetuangusha, kwa hiyo nililimeza.

Sidii ikakata.

"Ameinua mikono," Mwalimu Mkuu akanong'ona. "Kwa nini ameinua mikono? Na wewe kwa nini umeinua mikono?"

Nikacheka, na machozi yakanitoka hapohapo, bila mpango. Kilichobaki kilikuwa ni subira. Nikasikia wimbo wa namba ya kibali ukiimbwa chini chini, na vidole vikiufuata. Nikasikia kompyuta ikiwaka kwa muziki wake mfupi wa zamani. Nikasikia sidii ya pili ikiingia, ile ya programu ya kusomea, na baada ya kimya kirefu kuliko vyote, kwenye spika kubwa kabisa, kwa mafua yake yote, Bwana Pua akasema, "Karibu." Wenzake wakapiga meza. Mlango ukafunguliwa, mkaguzi akatuita ndani.

Akamwomba Mkasi aandike, kwa kuwa kazi yake ya mwanzo ilikuwa imepotea. Aandike chochote, kwa maneno yake, kisha achapishe. Mkasi akaandika, na hakuandika taratibu. Printa ikaguguna, ikatoa karatasi. Mkaguzi akaichukua, na labda kwa kukumbuka tulikuwa akina nani mle ndani, akaisoma kwa sauti.

"Mheshimiwa Mkaguzi. Kompyuta yangu ilikuwa imewaka, na nilikuwa nimeshaandika nusu ukurasa. Aliyeizima ni wewe. Hukuuliza, ulibonyeza tu, kwa sababu uliona giza ukadhani na sisi tuko gizani. Nilikasirika, na hasira bado ninayo. Lakini nilipokuomba unyamaze ulinyamaza, na wakubwa wengi hawaliwezi hilo, kwa hiyo nimekusamehe. Siku ya mtihani, tafadhali, mwambie msimamizi aweke mikono mfukoni."

Hakuna mwandishi duniani ambaye angemwandikia yale. Angeandika "Tunamshukuru mgeni wetu kwa kututembelea", na angefikiri amemwokoa mtoto. Neno kwa neno yalikuwa ya Mkasi, na yalikuwa yamefika.

Mkaguzi aliikunja karatasi. Nilisikia ikiingia mfukoni, si kwenye mkoba wake wa kazi.

"Nilitaka kujua kama mtahiniwa anaweza kusema lake bila mtu katikati," akasema, na sauti yake ilikuwa imepoteza ule utaratibu wa ofisini. "Nimejibiwa. Watachapa wenyewe. Ila Mwalimu, nakuomba, skrini moja tu uirudishie waya, msimamizi naye apate cha kutazama."

"Tutamwekea," Mkasi akadakia. "Tusimnyanyase."

Mkaguzi akacheka, cheko la kweli, la tumboni. Akauliza wanafunzi wangapi wengine wanaweza kuiamsha kompyuta kama vile, na viti vikalia chumba kizima watu wakisimama. Mimi nilikuwa bado palepale karibu na mlango, uso umelowa, sijali nani anauona.

"Huyo ni mtoto wa kaka yangu," nikasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyekuwa ameuliza.